Majibu Mawili Niliyoyakata

Mwanza, Jumatatu, Novemba 1976

Mvua tangu alfajiri. Maji mekundu yanateremka katikati ya mawe ya mlima wetu, yanapita nyuma ya bweni la wasichana na kuelekea ziwani. Ziwa lenyewe silioni. Naona ukungu tu.

Mtihani wa Hesabu wa kidato cha nne umefanyika leo asubuhi. Umekwisha. Nilidhani ukishakwisha nitapumua, lakini nimerudi nyumbani nikakaa na nguo mbichi mwilini, nikasahau kuzibadilisha.

Shajara, nimewaharibia watoto wa watu.

Ngoja niandike kwa mpangilio, maana nikianza kulia sitaandika kitu.

Mimi ni mwalimu wa Bailojia. Hilo ndilo nililosomea. Lakini mwanzoni mwa mwaka huu mwalimu wetu wa Hesabu, Mholanzi mmoja mpole, mkataba wake uliisha akarudi kwao, na hakuletwa mwingine. Mkuu wa shule akaniita ofisini. Akasema, "Mwalimu Kokusima, wewe Hesabu ulifaulu vizuri kidato cha sita. Nchi inajitegemea. Na sisi tujitegemee." Ningejibu nini? Ndiyo kwanza nilikuwa naanza mwaka wangu wa pili kazini. Nilikubali. Tena niseme ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: nilifurahi. Binti wa Ihangiro, mtoto wa mkulima wa kahawa, nafundisha Hesabu kidato cha nne! Nilimwandikia mama habari hiyo kabla sijafundisha hata kipindi kimoja.

Nilifundisha kwa bidii. Hilo Mungu analijua. Kila jioni nilisoma kitabu ili niwe sura moja mbele ya wanafunzi. Sura ya trigonometria ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu nilidhani naielewa.

Kuna aina ya maswali humo ambapo mwanafunzi anapewa mlinganyo na kuambiwa atafute pembe zote zinazoutimiza, kuanzia digrii sifuri mpaka mia tatu na sitini. Neno lenyewe ni "zote". Katika mtihani wa majaribio, mwezi wa nane, niliwapa huu:

2 sin x cos x = cos x

Njia yangu ilikuwa fupi. Cos x iko kushoto, cos x iko kulia. Gawanya pande zote mbili kwa cos x, iondoke. Inabaki sin x = ½, na majibu ni digrii 30 na digrii 150. Basi. Nilikuwa nimewafundisha hivyo kwa miezi, na nilikuwa na msemo wangu: "Mkiona kitu kimesimama pande zote mbili, kifukuzeni!" Walikuwa wanacheka. Walikuwa wanausema hata bwalini, wakigombea kijiko.

Msichana mmoja hakukifukuza.

Anaitwa Nyamizi Masalu. Kwao ni ng'ambo ya maji, Busisi. Ni mrefu, mkimya, anakaa nyuma kwa sababu akikaa mbele anawaziba wenzake. Yeye alihamishia kila kitu upande mmoja, akaitoa cos x nje ya mabano, akapata majibu manne: 30, 90, 150 na 270. Mimi nikakuta manne mahali nilipotegemea mawili. Nikatazama karatasi yangu ya majibu, ina mawili. Nikachukua kalamu nyekundu. Nikaikata 90, nikaikata 270, na pembeni nikaandika: "Umeyatoa wapi haya?"

Sikujiuliza hata kidogo. Nilikuwa na rundo la karatasi mbele yangu na chai ilikuwa inapoa.

Maswali ya namna hiyo yalikuwa kadhaa. Kote alifanya vilevile, kote nikakata. Akaanguka Hesabu kwa maksi chache tu. Wakaenda likizo fupi na karatasi zao mkononi. Shule ilipofunguliwa, Nyamizi hakurudi. Niliuliza mara moja, nikaambiwa labda anaumwa. Nikaendelea na kazi.

Juzi Jumamosi nilikuwa na kipindi cha mwisho cha marudio. Niliwaona watoto wamechoka, nikataka kuwapa kitu cha kuwafurahisha macho. Nikasema leo hatupigi hesabu, leo tunachora. Nitachora grafu ya upande wa kushoto kwa chaki nyeupe, na ya upande wa kulia kwa kipande cha chaki ya njano nilichokuwa nimekificha tangu muhula uliopita. Nikawaambia, "Mahali grafu hizi zinapokutana, hapo ndipo jibu lilipo. Mtaona wenyewe, thelathini na mia hamsini."

Nikageukia ubao nikaanza. Nyeupe kwanza, inapanda na kushuka, inapanda tena na kushuka. Kisha njano. Zikakutana kwenye 30, kama nilivyosema. Nikaendelea kuvuta chaki. Zikakutana kwenye 90.

Nilidhani nimechora vibaya. Nikafuta kwa kiganja, nikahesabu upya, nikachora tena. Zikakutana palepale. Nikapita 150, zikakutana. Nikaendelea polepole sana sasa, kama mtu anayetembea gizani.

Veneranda, msichana wa Ukerewe aliyekuwa analala kitanda cha jirani na Nyamizi bwenini, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, na pale tena zinakutana."

Alikuwa anaonyesha 270.

Nje, kidato cha kwanza walikuwa wanapita kwenda shamba na majembe begani, wanaimba. Nilisimama nimewapa mgongo wanafunzi wangu na vumbi la njano vidoleni.

Kosini ya tisini ni sifuri. Kumbe nilipokuwa nagawanya kwa cos x, nilikuwa nagawanya kwa kitu ambacho mahali fulani ni sifuri, na mtoto wa shule ya msingi anajua kuwa hakuna kugawanya kwa sifuri. Kila nilipokifukuza kitu kile, kilikuwa kinaondoka na majibu yake. Nami nilikuwa nawafundisha watoto kushangilia.

Niligeuka. Nikasema, "Nimewafundisha vibaya."

Sijawahi kusema maneno mazito kama hayo. Nikawaonyesha njia yenyewe: usigawanye, hamishia upande mmoja, toa nje ya mabano, kila kipande kifanye sawa na sifuri. Madaftari yakafunguliwa kwa haraka. Mmoja akauliza, "Yote tuliyofanya muhula mzima, Mwalimu?" Nikasema yote yenye sura hii. Nikamwona anaanza kupekua kurasa nyuma, nyuma, nyuma. Mtihani ulikuwa Jumatatu.

Veneranda peke yake hakufungua daftari.

"Nyamizi aliandika hivyo hivyo," akasema. Halafu akasimama, maana wamefundishwa kusimama wanaposema na mwalimu. "Nyamizi haumwi, Mwalimu. Kaka yake amemkataza kurudi. Alisoma karatasi yake. Anasema Nyamizi aliibia mtihani."

"Aliibia vipi?"

"Si uliandika, umeyatoa wapi?"

Niliweka chaki mezani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mkuu, hata ubao sikufuta. Nilimweleza yote, nikamwomba gari liende Busisi kumchukua mtoto. Jina lake lipo kwenye orodha ya watahiniwa, namba yake ipo, kinachokosekana ni yeye tu. Mkuu si mtu mbaya. Ni mtu mwenye shule ya kuendesha na mahindi yasiyotosha ghalani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Land Rover haina petroli. Na wewe kaa na hawa waliopo, wasaidie. Na hili la ubaoni, mwalimu, liishie darasani. Wazazi wakisikia kuwa walimu wetu wenyewe hawajui wanachofundisha, tutawaambia nini?"

Nikaomba ruhusa ya kwenda mwenyewe.

"Hapana," akasema. "Ukienda ukakwama ng'ambo, Jumatatu nitakuwa nimepungukiwa wawili."

Jumamosi yote nilibaki na darasa. Walikuwa wananitazama kwa namna mpya. Haikuwa dharau. Dharau ningeivumilia. Walikuwa wanatazama kila nilichoandika kama mtu anayekagua samaki sokoni kabla ya kununua, na walikuwa na haki.

Jana asubuhi sikwenda misa. Nilivaa viatu vya kutembelea, nikapanda basi la Geita bila ruhusa ya mtu.

Kigongo, upande wetu wa maji, nilikuta watu wengi wanangoja kivuko, baiskeli, mbuzi, magunia ya mihogo, mama mmoja na cherehani yake kichwani. Juu ya maji wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda kama moshi wa shamba linalochomwa. Nilivuka nimesimama. Nilijaribu kupanga maneno nitakayosema nikifika, kwa Kiswahili cha heshima, na kila sentensi niliyoipanga ilikuwa inanitetea. Nikaziacha zote.

Kijiji chao ni kipya. Walihamishiwa hapo mwaka juzi, nyumba zimepangwa mistari, nyasi za paa bado hazijawa nyeusi. Niliuliza kwa Mzee Masalu nikaonyeshwa. Nilimkuta amekaa kando ya ukuta wa nyumba yake anachonga mpini wa jembe. Ni mrefu kama binti yake. Karibu naye alikuwa amesimama kijana mwenye kalamu mfukoni mwa shati, nikajua huyu ndiye kaka, Maduhu, anayeuza katika duka la kijiji na kuisomea familia kila kinachoandikwa.

"Shikamoo, baba," nikasema, nikapiga goti kidogo.

"Marahaba, binti. Karibu. Umetoka mbali?"

"Natoka shuleni kwa Nyamizi. Mimi ndiye mwalimu wake wa Hesabu."

Kisu kikasimama. Maduhu akanitazama toka miguuni mpaka kichwani. Akasema, "Mwalimu, sisi si watu wa wizi. Ulivyoandika tumeelewa. Tumemwadhibu wenyewe, hakuna haja ya kumfuata."

Nikamwambia hakuna wizi. Nikasema majibu yake yalikuwa sahihi yote, ya kwangu ndiyo yaliyopungua. Nikasema mimi ndiye niliyekuwa sijui.

Mzee Masalu aliweka kisu chini. Kisha akauliza, taratibu, kama anayeuliza njia, "Ulikosea wewe, au alikosea yeye?"

"Mimi, baba."

"Maduhu, umesikia?"

Maduhu alikuwa anaangalia chini. "Nilimchapa," akasema. Hakusema kwangu wala kwa baba yake. Aliyasema maneno hayo tu, kisha akaondoka akaenda nyuma ya nyumba, na sikumwona tena.

Nilitaka ardhi inimeze. Nilikuwa nimekuja kubeba kosa langu, nikakuta limeshatembea, limeshaingia nyumba za watu, limeshashika fimbo.

Mzee akaweka mpini chini. "Mwaka juzi alikuja mtu na karatasi," akasema. "Akasema kwetu si kule bondeni tena, kwetu ni hapa. Tukahama, ng'ombe wengine wakafa. Halafu wewe ukaleta karatasi, ikasema mtoto wangu mwizi. Tukaamini, maana imeandikwa. Leo umekuja huna karatasi. Umekuja na mdomo wako." Akanitazama vizuri sasa. "Labda ndiyo maana nakusikiliza. Mwenyewe yuko shambani. Kamwambie. Akitaka kwenda, aende. Akikataa, usimlazimishe."

Nyamizi alikuwa anapalilia mihogo. Aliponiona alifuta mikono kwenye kanga, akaja, akaniamkia. Amekonda. Nikamwambia pale pale, tumesimama kwenye matuta, bila kuzungusha: tisini ilikuwa sahihi, mia mbili sabini ilikuwa sahihi, nilizikata kwa ujinga wangu, naomba unisamehe.

Nilidhani atalia, au atafurahi. Hakufanya hata moja. Alikuwa anaangalia jembe.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Nilijaribu kila moja, Mwalimu. Niliingiza tisini, huku sifuri na huku sifuri. Nilijua kabisa. Lakini nilipoona wino mwekundu nikasema, labda kuna kitu wakubwa wanakijua." Akang'oa gugu moja miguuni pake. "Baadaye nikaacha kujua."

Nikamwuliza, na sasa najichukia kwa kuuliza, "Kwa nini hukuja kuniuliza?"

"Wewe ndiye uliyeniuliza," akasema. "Sikujua unataka nijibu nini."

Nitaendelea kuyasikia maneno hayo nikiwa bibi kizee.

Nikamwambia mtihani ni kesho. Akasema hajashika kitabu tangu arudi, ataandika nini? Ningeweza kumwambia utaweza, usiogope, maneno ambayo walimu tunayo tayari mdomoni. Nikaona ni bora nisimdanganye tena. Nikasema, "Sijui. Pengine utashindwa. Lakini ukishindwa kwa kuandika ni tofauti na kushindwa kwa sababu yangu."

Alirudi akamaliza tuta lake. Kisha akaenda kunawa miguu.

Mama yake akatufungia viazi vya kuchemsha. Baba yake akamshika kichwa, akasema maneno ya Kisukuma nisiyoyaelewa, na mimi akaniambia, "Mtunze."

Tulifika kivukoni jua linashuka na kivuko kilikuwa kimelala upande wa Kigongo, hakina moto. Mtu wa kamba akatuambia dizeli imekwisha, italetwa asubuhi na lori kutoka mjini. Nikamwambia kuna mtihani. Akasema, "Dada, mimi nitakivuta kwa meno?" Hakusema kwa ubaya. Nilikaa kwenye jiwe nikatazama maji yale, ng'ambo unaiona, nyumba unaziona, hata mtu anayefua unamwona. Nikakumbuka Mkuu alivyosema. Atapungukiwa wawili.

Mama mmoja anayepika chai kivukoni alitupa mkeka wa kulala. Usiku ule wa baridi na mbu siuandiki.

Leo mvua ikatuamsha. Dizeli ilikuja kumeshapambazuka, tukawa wa kwanza kupanda kivuko. Kigongo nikamlilia dereva wa lori la dagaa mpaka akatuweka mbele pamoja naye. Njiani lori likazama kwenye tope. Tukashuka, tukasukuma, Nyamizi amefunga viatu vyake shingoni kwa kamba asiviharibu, matope mpaka magotini, anasukuma na wanaume. Wakati huo saa ya mtihani ilikuwa imeshapiga. Sikumwambia. Alikuwa anaijua.

Tulipopanda mlima wa shule tukikimbia, madirisha ya ukumbi yalikuwa wazi na nikawaona wanangu wameinama. Msimamizi, mwalimu wa shule nyingine, mwanamume wa miwani, alikuwa mlangoni. Mkuu alikuwa barazani. Aliniona mimi, akamwona Nyamizi, na uso wake sikuweza kuusoma. Nikangoja anifukuze mbele ya watu.

Badala yake akamgeukia msimamizi. "Huyu ni mtahiniwa wetu," akasema. "Namba yake iko mezani, kiti chake kitupu unakiona."

Msimamizi akatazama saa yake. "Amechelewa sana, Mkuu. Zimebaki dakika chache mlango wangu ufungwe kabisa."

"Basi haujafungwa," Mkuu akasema. Akavua koti lake la mvua, akamfuta nalo Nyamizi mikono, kiganja kimoja, kisha cha pili, asije akalowesha karatasi. Mkuu mzima! Nyamizi akaingia pekupeku.

Alipokwisha kuingia, Mkuu hakunitazama. Akasema, "Kesho nataka barua ya maelezo mezani kwangu. Umeondoka kituo cha kazi bila ruhusa." Nikasema ndiyo, Mkuu. Sijui kitakachofuata. Wanaweza kunihamisha, wanaweza kunifukuza. Ajabu ni kwamba hilo sijalifikiria hata sasa ninapoliandika.

Nilikaa barazani mpaka mwisho.

Walipotoka, sikuwakimbilia. Nilikaa nilipo, mwenye kutaka aje. Wengine walinipita wakiongea kwa furaha. Wawili walinionyesha kidole gumba kwa mbali. Kisha akatoka Veneranda, amefunika uso kwa kiganja, rula mkononi, akaja mpaka kwangu.

"Lilikuja, Mwalimu. Lile swali. Nikagawanya."

"Veneranda..."

"Nilikumbuka, nilikuwa nimekumbuka kabisa, lakini mkono umezoea. Nimeshaandika jibu nikageuza ukurasa. Nimekumbuka tena nje, hapa mlangoni."

Nilimshika. Alilia begani kwangu na huo mkono niliufundisha mimi. Wangapi zaidi? Wangapi hawatasema, au hawatajua kamwe mpaka matokeo yatoke?

Nyamizi alikuwa wa mwisho kutoka. Alikuwa anatembea kama mtu anayetembea ndani ya maji. Nilijizuia kuuliza. Tukatembea mpaka hapa kwangu, nikampa gauni langu kavu, limemfikia juu ya magoti. Nikampa uji. Akanywa, akaweka kikombe chini, akasema bila kuulizwa:

"Lile swali lilikuwa karibu na mwisho. Nililianza. Nilihamisha, nikaitoa kosini nje ya mabano. Kengele ikalia."

"Hukuandika majibu?"

"Nilikuwa bado. Yote manne nilikuwa nayo kichwani."

Hakulalamika. Alikuwa ananipa taarifa tu. Dakika alizozikosa ni zile tulizokuwa kivukoni na kwenye tope, na kivukoni na kwenye tope ni mimi niliyempeleka. Nikamwambia kuwa hatua za mwanzo nazo zina maksi zake, msahihishaji anaangalia njia, haangalii jibu peke yake. Nikasema hivyo nikijua mimi mwenyewe niliiona njia yake na sikuiangalia. Nyamizi akaitikia kwa kichwa. Sijui kama aliamini. Akajilaza kitandani kwangu juu ya shuka bila kujifunika, akalala kabla sijamaliza kuosha kikombe.

Amelala hivyo tangu saa nane. Ana alama mguuni, nyuma ya goti, ndefu, imeshapona lakini inaonekana. Nimemfunika.

Nimejaribu kuiandika barua ya Mkuu. Nimeandika "Yahusu: Kuondoka kituo cha kazi bila ruhusa," kisha nimekaa. Nikieleza kwa nini niliondoka, itabidi niandike kila kitu, na hilo la ubaoni halitaishia darasani tena. Nisipoeleza, nitakuwa nimeandika karatasi nyingine ya uongo, na karatasi zangu nimeshaona zinakokwenda. Nitaeleza. Nitaandika jina la Nyamizi Masalu na kwamba hakuiba. Nitaomba nakala iende kwa baba yake, Maduhu amsomee.

Na Hesabu? Mwakani wataniacha nayo, au nitaikimbia? Leo, nikiulizwa, ningesema nichukueni, nirudishieni vyura na majani yangu. Lakini hakuna mwingine, na kidato cha tatu wanapanda. Sijui. Nauliza tu hapa. Mtu aliyewapoteza watoto njiani anaruhusiwa kuwaongoza wengine, kwa sababu tu sasa anajua shimo liko wapi?

Sina jibu. Pengine yako mawili, au zaidi.

Kesho saa mbili asubuhi wana mtihani wa Bailojia. Nyamizi hajafungua daftari lake la Bailojia tangu Agosti, na hilo ndilo somo ninalolijua. Sasa hivi inakaribia saa kumi na moja. Nitawasha jiko, niweke maji ya chai, kisha nimwamshe. Tutaanza na moyo na mishipa ya damu.